Kandanda ya Australia kwa wanawake wa miaka 35 na zaidi: tuanze vipi hapa Kisumu?

Netiboli_Milimani

Hamjambo wanajukwaa. Sisi ni kikundi cha wanawake 22 wa Kisumu na Ahero, miaka 34 hadi 51. Wengi walicheza netiboli au voliboli shuleni, wanne wametoka raga, wachache hawajawahi kucheza chochote. Tunataka kuanzisha timu ya kandanda ya Australia, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai na milingoti minne kila upande. Kule Australia timu za wanawake za masta, yaani za watu waliovuka umri wa ligi za kawaida, zinazidi kuongezeka, kwa hivyo umri si kisingizio.

Tulicho nacho: uwanja wa shule ya msingi kila Jumamosi alasiri, na mipira miwili ya raga. Milingoti hatuna, refa hatuna, kocha hatuna.

Naomba msaada kwa haya. Tucheze kwa mfumo gani kwa idadi yetu? Kukabana tukuache kabisa au tukupunguze? Mpira wa raga unatosha? Na magoti tutayalindaje? Tafadhali majibu yawe ya vitendo. "Jiamini dada" tumeshaambiwa vya kutosha.

Kocha_Bukhungu

Dada, kwanza ujue ni kwa nini mchezo huu umewashika wanawake wa rika lenu huko Australia, maana sababu hiyo ndiyo itakayokupa mfumo.

Wanaume wanaocheza masta wengi wao walicheza tangu utotoni, wakastaafu, wakarudi. Kwa wanawake mambo ni kinyume. Ligi ya wanawake ya jimbo la Victoria ilianza 1981, lakini ilikuwa ndogo na ya watu wazima. Msichana aliyekuwa akicheza na wavulana alifika miaka kama 12 akaambiwa basi. Wasichana watatu walipeleka suala hilo mbele ya baraza la rufaa la Victoria mwaka 2004, na kuanzia hapo ligi za wasichana zikafunguliwa. Kisha ligi kuu ya wanawake, AFLW, ikaanza tarehe 3 Februari 2017: Carlton dhidi ya Collingwood, Melbourne, watu zaidi ya 24,000, mageti yakafungwa wengine wakiwa nje. Ligi ilianza na klabu 8. Kufikia 2022 klabu zote 18 za ligi kuu ya wanaume, AFL, zilikuwa na timu ya wanawake.

Sasa mtu aliyekuwa na miaka 38 siku ile hakuwa na pa kwenda. Kwa ligi kuu amechelewa, na timu ya mtaa imejaa wasichana wa miaka 19 wanaokimbia kama swala. Masta ndiyo mlango uliobaki, na kwa wanawake wameufungua mapema zaidi: miaka 30, ilhali wanaume ni 35. Kwa hivyo masta wa kike wengi ni wanagenzi, hawakuwahi kuushika mpira huo kabla ya utu uzima. Hali yenu ni hiyo hiyo. Msijipange kama wakongwe wanaorudi uwanjani. Jipangeni kama wanafunzi wa darasa la kwanza wenye magoti ya miaka 45.

Mfumo: chezeni 9 kwa 9. Mchezo kamili ni 18 kwa 18 (AFLW ni 16) kwenye uwanja wa duaradufu wenye urefu wa mita 135 hadi 185, na huo hamtaupata shuleni. Waaustralia wenyewe wana aina ya watu 9 isiyo na kukabana, inayotoshea uwanja wa soka. Gawa uwanja sehemu tatu kwa koni: 3 mbele, 3 katikati, 3 nyuma, na kila mtu abaki kwenye sehemu yake. Mnabaki na akiba 4, wawili kila upande.

Usiondoe sehemu hizo tatu hata mkilalamikiwa. Mchezo huu hauna kuotea, kwa hivyo bila mipaka wanagenzi wote 18 watakimbilia mpira ulipo. Hapo ndipo vichwa vinapogongana, na wale wa miaka 50 ndio wanaochoka wa kwanza.

Muda: robo nne za dakika 10, mapumziko dakika 4, na nusu ya mchezo dakika 8. Badilisheni sehemu kila robo, aliyekuwa katikati asikae hapo robo mbili mfululizo kwa sababu ndiye anayekimbia zaidi.

Stadi, kwa mpangilio huu:

Pasi ya ngumi. Hairuhusiwi kurusha mpira kwa mkono, kamwe. Mpira unalala juu ya kiganja kimoja, mkono wa pili unafunga ngumi, kidole gumba kikiwa nje, unaupiga kwa nyuma. Wachezaji wenu wa voliboli wataipata siku ya kwanza kwa sababu ni ile ile sevu ya chini. Kosa lao litakuwa kuurusha mpira juu kidogo kabla ya kuupiga. Huo ni mrusho, ni frii kiki. Mkono ulioshika mpira ubaki tuli mpaka ngumi ifike. Waliocheza mpira wa mikono ndio watakaosumbuka, maana mazoea yao yote ni ya kurusha.

Kudaka. Ukidaka mpira uliopigwa kwa mguu kutoka mita 15 au zaidi bila kuguswa na mtu njiani, unasimama na kupewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa. Kwa wanagenzi punguzeni iwe mita 10. Hii ndiyo zawadi kubwa kwa mchezaji wa umri wenu: anayejua kudaka hana haja ya kuwa na mbio. Watu wa netiboli watang'ara hapa, ila wana ugonjwa mmoja, wakishadaka wanaganda. Wafundishe kudaka, kurudi hatua tatu nyuma, kisha kupiga.

Kupiga. Shika mpira kwa mikono miwili, ncha moja ikitazama juu na kuinamia kwako kidogo. Mkono wa upande wa mguu unaopiga ndio unaoushusha. Uachilie ukiwa usawa wa nyonga, kidole cha mguu kikiwa kimenyooka, uupige kwa sehemu ya kamba za kiatu. Ukiwa sawa utazunguka kinyumenyume hewani na kwenda mbele moja kwa moja. Ukienda kando, tazama mkono kwanza kabla ya mguu. Karibu kila mara mchezaji ameuachilia kutoka kifuani, umepata nafasi ya kuinama hewani. Kosa la pili ni la watu wa soka: wanapiga kwa upande wa ndani wa mguu.

Kudundisha. Sheria inasema anayekimbia na mpira adundishe au auguse ardhini kila mita 15. Msipoteze muda kudundisha mpira wa yai kwenye uwanja wa shule wenye mashimo. Kuinama na kuugusa ardhini kwa mikono miwili ni halali, hata kwenye mchezo kamili.

Fundi_Milingoti

Mimi nitasema ya uwanja na mpira tu.

Milingoti: kila upande minne, miwili mirefu katikati ambayo ni ya goli na miwili mifupi pembeni. Nafasi kati ya mmoja na mwingine ni mita 6.4, hivyo jumla ni mita 19.2. Ile mirefu isipungue mita 6, mifupi mita 3. Paipu za PVC za inchi 2 zinauzwa kwa urefu wa mita 6, hesabu inaingia vizuri: kila upande paipu mbili nzima na moja mnaikata katikati. Jumla paipu 6 kwa uwanja mzima.

Kusimamisha: chuma cha nondo cha mita 1, sentimita 60 ardhini na 40 juu, paipu inavikwa juu yake. Nondo peke yake inacheza ndani ya paipu, kwa hivyo izungushie vipande vya mpira wa baiskeli mpaka ikaze. Mkimaliza mchezo NG'OENI NONDO ZOTE. Jumatatu watoto wa shule wanakimbia hapo asubuhi na chuma cha sentimita 40 kwenye nyasi hakionekani. Mwalimu mkuu akiona nondo moja tu, uwanja mmeukosa.

Viringisheni sponji la godoro kuu kuu na turubai kwenye milingoti ya goli, tangu chini hadi mita 2. Miti ya bluga (mikaratusi) ni rahisi kupata Ahero, lakini haipindi mtu akiigonga, na hamruhusiwi kuiacha hapo wiki nzima. Paipu ni bora.

Kama shule ina milingoti ya raga, itumieni. Iko mita 5.6, pungufu kidogo tu, ongezeni miwili pembeni. Kubalianeni mapema kuhusu ule mti wa kulala: ukipita juu au chini yake ni goli, ukiugonga ni alama ya pembeni, yaani alama 1 tu.

Upande wa uwanja: Kisumu alasiri upepo unatoka ziwani, na saa kumi na moja jua liko magharibi. Uwanja ukielekea mashariki na magharibi, timu moja inapiga dhidi ya upepo na jua vikiwa vyote usoni. Ukiweza uelekeze kaskazini na kusini. Ukishindwa, badilisheni pande kila robo, sheria yenyewe inataka hivyo.

Udongo: pande za Ahero ni ule mweusi wa Kano. Mvua ikinyesha unanata kwenye njumu, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza kifundo cha mguu. Tembeeni uwanja mzima bega kwa bega kabla ya kila mchezo, nyufa zijazwe mchanga. Njumu fupi za mpira, sio zile ndefu za chuma za raga. Za mtumba zipo Kibuye, Jumapili ndiyo siku ya kuchagua. Ikunje soli kwa mikono miwili, ikipasuka kwenye mkunjo achana nayo.

Mpira: wanawake wanatumia saizi 4, wanaume saizi 5. Wa raga ni mnene zaidi kiunoni. Kwa wiki nne za kwanza unatosha kwa kudaka na pasi ya ngumi. Kwa kupiga utawadanganya, kwa sababu mtazoea umbo jingine na mkipata wenyewe mtaanza upya. Mkiagiza, chukueni wa sintetiki. Ngozi ni nzuri, ila msimu wa mvua inanyonya maji na kuwa nzito, na mpira mzito ni mateso kwa paja la mtu anayejifunza.

Presha ni PSI 9 hadi 11. Pimeni kwa geji, sio kwa kubonyeza na kidole gumba. Mkicheza mechi na watu wa Nakuru kumbukeni kwamba Nakuru iko juu ya mita 1,800 na Kisumu ni kama 1,130. Mpira uliojazwa Nakuru ukasoma 9 utasoma karibu 8 ukifika kwenu, na wa kwenu ukipanda huko unakuwa mgumu. Pimeni hapo hapo uwanjani, mpira ukiwa umekaa kivulini.

Fisio_Nakuru

Kocha amesema magoti ya miaka 45, lakini kwa rika hili ninaogopa zaidi shavu la mguu na ukano wa kisigino. Goti linavunja msimu, ni kweli, na kwa wanawake ukano wa ACL, ule wa ndani ya goti, ndio janga linalojulikana la AFLW. Ila kinachowatoa watu uwanjani wiki ya pili ni mtu aliyekaa dukani miaka kumi kisha akakimbia mbio za ghafla.

Kabla ya mbio zozote, kila mtu apimwe hivi: asimame kwa mguu mmoja, ashike ukuta kwa vidole tu, anyanyue kisigino juu kabisa na kushuka. Akifika 20 kila mguu bila kuyumba, akimbie. Asipofika, aanze seti 3 za anazoweza, siku moja ndiyo, moja hapana, na uwanjani adake na kupiga tu.

Mipigo ya mguu ihesabiwe. Kupiga mpira huu mara 80 siku ya kwanza kunaumiza kinena na misuli ya mbele ya paja. Wiki ya kwanza 20 hadi 30 kwa kila mtu, ongezeni 10 kila wiki. Msikubali ile "ngoja nipige moja ya mwisho" ya nusu saa.

Kupasha mwili: dakika 20, na zisikatwe kwa sababu watu wamechelewa. Mpango wa FIFA 11+ wa soka unafaa, nao AFL wana wao wa wanawake uitwao Prep to Play, ambao unaongeza kutua, kugeuka na jinsi ya kuanguka. Jambo la kutazama kwa jicho ni kutua. Mchezaji aruke adake mpira, atue, abaki hivyo hivyo sekunde 3. Simama mbele yake. Goti likiingia ndani kuelekea goti la pili, hayuko tayari kuruka kwenye mechi. Arudie akiruka chini zaidi, magoti na nyonga zikiwa zimekunjwa, makalio yakirudi nyuma.

Siku mbili kwa wiki zinatosha, ziachane saa 48.

Goti likilia "pa", likavimba ndani ya saa chache na kuhisi linateguka ukisimama: USIKANDWE. Hakuna maji moto, hakuna mafuta ya kuchua, hakuna mama wa kuvuta mifupa. Kitambaa baridi, bandeji ya kubana, mguu juu, na kesho yake kliniki ya mifupa. Kwenu kuna hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Kukanda goti lililochanika siku ya kwanza kunaongeza damu ndani yake.

Kichwa kikigongwa, anatoka na harudi siku hiyo hata akisema yuko sawa. Kwa michezo ya mtaani Australia wanataka siku 21 kabla ya kurudi kwenye mechi. Fuateni hizo hizo.

Sasa mambo ya huku kwetu ambayo miongozo ya Australia haiyataji. Malaria: mtu aliyetoka kuugua anaweza kuwa na wengu uliovimba, na wengu wa namna hiyo ukipigwa kiwiko unaweza kupasuka. Asikabane wala kukabwa mpaka daktari amshike tumbo na kumruhusu. Selimundu: ukanda wa ziwa una watu wengi wanaobeba chembe hiyo bila kuugua. Anayejijua au ana mtoto mwenye selimundu akimbie kwa kujipimia, anywe maji mapema, na akihisi misuli inakaza na kuishiwa nguvu juani asimame mara moja. Wote mliovuka 40 pimeni presha na sukari kabla ya kuanza.

Na la mwisho, ambalo hulisikii kwenye vikundi kwa sababu ya haya: mkojo kutoka kidogo ukiruka au ukikimbia. Ni kawaida baada ya kuzaa na karibu na kukoma hedhi, na linatibika. Kaza misuli unayotumia kuzuia mkojo, mara 8 hadi 10, seti tatu, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Kuacha kunywa maji ili usivuje ni kujitafutia kichwa kuuma saa kumi na moja jua la Kisumu likikuwakia. Aliyejifungua asubiri angalau miezi mitatu kabla ya kukimbia. Sidiria ya michezo iwe ya kubana kweli. Kwenye mchezo huu mpira unadakiwa kifuani.

Wazimu_wa_Raga

Kwa nini msicheze raga ya kugusa tu? Refa wa raga wapo, mpira mnao, wapinzani wako Kakamega na Nakuru. Huu wa Australia mtacheza na nani?

Kocha_Bukhungu

@Wazimu_wa_Raga swali zuri, na kwa upande wa wapinzani huna makosa. Mwaka wa kwanza watacheza wenyewe kwa wenyewe, 22 wanatosha. Lakini raga ya kugusa inampendelea mwenye mbio, na mpira haupigwi mbele. Mama wa miaka 50 anayedaka vizuri hana kazi kubwa huko. Huku anasimama mita 20 kutoka golini, anadaka, anapewa nafasi ya kupiga, anafunga.

Netiboli_Milimani

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilivyotarajia. Mawili yamebaki. Wale wanne wa raga wanasema bila kukabana huo si mchezo, wengine wanasema wakikabwa hawarudi. Na alama zinahesabiwaje, nani awe refa?

Kocha_Bukhungu

Kukabana: miezi mitatu ya kwanza ni kugusa kwa mikono miwili. Aliyeguswa ana sekunde 2 za kutoa mpira, akizidisha ni frii kiki. Baada ya hapo, kama wote 22 wanataka na fisio ameridhika, ongezeni kushika: mkono unazunguka kiuno, mnabaki wima, basi. Msikubali kumzungusha mtu na kumtupa, kumpiga bega, wala kumsukuma mgongoni.

Hao wa raga ndio wa kutazama zaidi, na si kwa ubaya. Mazoea yao yana hatari mbili. Wanakaba chini, na hapa eneo halali ni kati ya mabega na magoti. Ukimshika chini ya goti ni frii kiki, na kwa mtu asiyejua kuanguka ni mguu kuvunjika. Pili, wakikabwa wanalala na mpira ili wenzao waje. Kwenye mchezo huu anayelala na mpira ameupoteza, na anayeangukiwa na watu watatu ni yeye. Wape wao kazi ya kufundisha kuanguka, wanaijua kuliko wote.

Alama: mpira ukipigwa kwa mguu na timu inayoshambulia ukapita kati ya milingoti mirefu bila kuguswa ni goli, alama 6. Ukipita kati ya mrefu na mfupi, au ukigonga mlingoti mrefu, au ukiguswa njiani, ni alama 1. Ukigonga mlingoti mfupi umetoka nje, hakuna kitu. Huandikwa magoli, alama za pembeni, kisha jumla. Mechi ile ya kwanza ya AFLW Carlton walipata 7.4 (46), Collingwood 1.5 (11).

Baada ya goli mpira unarudi katikati na refa anaurusha juu, wawili wanaurukia. Chagueni wawili wenye urefu sawa na waanze karibu karibu, hatua mbili tu, wasije wakagongana magoti. Baada ya alama 1, beki anaanza kwa kupiga kutoka mbele ya goli. Ukitoka nje, wapewe wapinzani wa aliyeugusa mwisho. Mambo ya kurushwa ndani na refa yatawachelewesha.

Refa: mmoja katikati na mmoja nyuma ya kila goli. Watoeni kati ya wale wanne wa akiba, wakizunguka kila robo, na yule wa nne aketi na kalamu, daftari na saa. Aliyewahi kuchezesha netiboli ashike filimbi robo mbili za kwanza, kwa sababu tayari anaona mguu na mkono kwa pamoja. Apige filimbi mapema na kwa nguvu. Wanagenzi wasiposikia wanaendelea, na goti linalogongwa baada ya filimbi ndilo linaloleta ugomvi.

Fundi_Milingoti

Nyongeza: radi. Ukanda huu inapiga alasiri za Machi hadi Mei, na milingoti yenu ina nondo ndani. Mkisikia ngurumo, tokeni uwanjani muingie darasani, sio chini ya mwembe. Rudini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Paipu ziachwe hapo hapo, zitang'olewa mvua ikiisha.